Ardhi Ilipotetemeka Kutch: Msaada Uliofika na Msaada Uliodumu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya huduma katika mkutano wa maadhimisho ya hekalu



Wazee wametuagiza tuseme machache juu ya utumishi, ambao sisi Wahindu huuita seva. Juu ya seva mengi husemwa katika sherehe kama hii, na sehemu kubwa ya hayo huwa ni sifa. Leo tumeona ni vyema sifa zipumzike. Kabla jioni hii haijaisha, mkutano utaombwa kuamua kanuni za mfuko wa maafa ambao wanachama wamekubali uanzishwe kwa ukumbusho wa maadhimisho haya. Mfuko bila kanuni njema huweza kugawa vingi na kusaidia wachache. Kwa hiyo, badala ya kusifu, tutaeleza jambo moja lililotokea, tuone ni nini kilichowafaa watu wa vijijini siku walipopoteza kila kitu, na ni nini ambacho hakikuwafaa.

Jambo lenyewe ni tetemeko la ardhi la Kutch, la mwaka 2001.

Wengi wenu mnaijua Kutch, lakini kwa faida ya vijana na wageni wetu tutaeleza kidogo. Kutch ni wilaya iliyo pembeni kabisa mwa magharibi ya jimbo la Gujarat, nchini India, ikipakana na Pakistan. Kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za India. Ni nchi kavu, yenye mvua haba, na upande wake wa kaskazini limetanda jangwa la chumvi liitwalo Rann. Kutoka bandari yake ya Mandvi majahazi yalishuka na kaskazi hadi pwani hii karne nyingi kabla ya meli za moshi. Katika karne ya 19 forodha ya Unguja ilisimamiwa kwa miaka mingi na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wabhatia wenye asili ya Kutch. Baadaye wakaja waashi na maseremala kutoka vijiji vinavyouzunguka mji wa Bhuj, kama vile Madhapar, Baladia, Kera na Mankuwa, nao wakashika mwiko na randa katika Mombasa, Nairobi na Kampala. Na safari haikuwa ya upande mmoja. Huko Kutch na kwingineko Gujarat wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao ngoma yao bado huitwa goma. Hata lugha zetu zimekopeshana: Kikutchi cha Mombasa hutumia kisu, sufuria na fagio, na Kiswahili nacho kimepokea laki, bima na gari. Basi habari za Kutch si habari za ugenini katika ukumbi huu.

Ijumaa tarehe 26 Januari 2001 ilikuwa Siku ya Jamhuri nchini India. Shule zilikuwa zimewatoa wanafunzi kwa gwaride, bendera mikononi. Ilipofika saa 2 na dakika 46 asubuhi kwa saa za India, ambayo hapa kwetu ilikuwa saa 12 na dakika 16, ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 7.7. Kitovu chake kilikuwa karibu na kijiji cha Chobari, katika tarafa ya Bhachau. Kwa muda usiozidi dakika chache miji ya Bhachau, Anjar, Rapar na Bhuj ilivunjika, na mamia ya vijiji yakawa vifusi. Hesabu ya serikali ya Gujarat ilitaja waliokufa kuwa karibu 13,800. Hesabu nyingine hufikia 20,000. Majeruhi walizidi 160,000. Nyumba zilizoanguka au kuharibika zilizidi milioni moja. Katika mji wa Anjar watoto wa shule zaidi ya 180 pamoja na walimu wao, waliokuwa wakipita kwa gwaride katika kichochoro chembamba, walifunikwa na kuta za pande zote mbili.

Wahandisi wana msemo kwamba watu hawauawi na tetemeko bali na majengo. Msemo huo ulithibitika Kutch. Nyumba nyingi za vijijini zilijengwa kwa mawe mazito yaliyoshikanishwa kwa udongo, na juu yake paa zito la mbao na vigae. Ukuta wa namna hiyo hubeba uzito vizuri ardhi ikiwa imetulia, lakini ukisukumwa kwa ubavu hauna kitu cha kuushika. Mawe hutengana, pembe hufunguka, paa hushuka. Zege nalo halikuwa kinga kwa jina lake tu. Katika mji wa Ahmedabad, ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovu, magorofa ya kisasa yaliporomoka, hasa yale yaliyosimama juu ya nguzo tupu kwa ajili ya kuegesha magari.

Lakini ziko nyumba zilizosimama. Katika eneo la Banni, kaskazini mwa Bhuj, wafugaji hukaa katika nyumba za duara ziitwazo bhunga: ukuta wa udongo uliozunguka, paa la nyasi lililochongoka. Ni msonge hasa, kama misonge tunayoijua Afrika Mashariki. Duara halina pembe ya kufunguka, na paa jepesi halisukumi ukuta. Nyingi kati ya hizo zilihimili mtikiso ulioangusha nyumba za mawe. Hilo halikuwa bahati. Kutch imetikiswa mara nyingi. Mwaka 1819 tetemeko kubwa liliinua ukingo mrefu wa ardhi katika Rann, nao watu wakauita Allah Bund, yaani boma la Mungu. Na mwaka 1956 Anjar hiyohiyo ilipigwa. Wale wafugaji walijenga kama watu wanaokumbuka.

Sasa tuje kwenye msaada.

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Saa za mwanzo Kutch ziliwathibitisha. Umeme ulikatika, simu zikanyamaza, daraja la Surajbari linaloiunganisha Kutch na sehemu nyingine za Gujarat likapata madhara, na hospitali kuu ya Bhuj ikawaangukia wagonjwa na wauguzi wake. Madaktari walionusurika waliwahudumia majeruhi hadharani katika uwanja wa Jubilee. Watu waliotolewa wakiwa hai chini ya vifusi, walio wengi, walitolewa na jirani kwa mikono, kwa koleo la shambani, kwa kamba ya kisimani. Baadaye ndipo jeshi likafika, kisha hospitali ya mahema ya Msalaba Mwekundu, kisha ndege za mataifa. Heshima yote tuwape waliotoka mbali, lakini tusisahau mpangilio huo: anayeokoa kwanza ni jirani, na jirani anayejua la kufanya huokoa wengi zaidi.

Hapa Afrika Mashariki, hofu ilikuwa ya kutojua. Jamaa walipiga simu siku baada ya siku bila kupata jibu. Mahekalu, misikiti, makanisa, vyama vya jamii na wafanyabiashara wa kila asili walichanga. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na katika siku zile vilikuja vibahasha vyembamba kutoka kwa watu ambao hawakuwa na ndugu hata mmoja India. Jambo hilo tunaliweka mbele ya majirani zetu leo kwa shukrani.

Lakini moyo mwema hauoni njia peke yake. Katika miezi iliyofuata mambo matatu yalionekana Kutch, nayo yameonekana katika maafa mengine mengi tangu hapo.

La kwanza ni barabara. Lori la msaada hufuata lami. Vijiji vilivyokuwa kando ya barabara kuu vilipokea mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, ilhali vijiji vya ndani, vilivyo mwisho wa njia ya vumbi, vilingoja. Aliyebeba mzigo wake kwa nia njema aliona watu wenye dhiki, akashusha, akarudi kwao ameridhika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na bado mtoto wa kijiji cha ndani alilala na baridi. Januari usiku Kutch huwa na baridi kali, na blanketi moja lililokosekana lilikuwa jambo kubwa.

La pili ni vitu vyenyewe. Kando ya barabara kulionekana marundo ya nguo kuukuu ambazo hakuna aliyezitaka. Mwanamke wa kijiji cha Kutch huvaa mavazi ya jamii yake, aliyoyatarizi mwenyewe au mama yake, na vazi hilo ndilo utambulisho wake. Kumpa suruali iliyochanika, akiwa amewazika watoto wake juzi, si kumsitiri. Alihitaji hema, blanketi, sufuria, maji safi, majani ya mifugo. Ndiyo, majani ya mifugo: maana tetemeko lile lilikuja juu ya ukame, na kwa mfugaji ng'ombe aliyebaki hai ndiye akiba yote iliyobaki.

La tatu ni gumu zaidi kusemwa, nalo linatuhusu sisi tulio mbali kuliko wengine. Kila mmoja humkumbuka kwanza mtu wa kwao. Mwenye jamaa London alipata. Mwenye jamaa Nairobi alipata. Mwenye jamaa Mumbai alipata. Asiye na jamaa popote, yule kibarua asiye na ardhi, mjane, mpangaji, mtu wa tabaka lililodharauliwa, Mwislamu wa kijiji kilichotawaliwa na wengine, yeye alimwangalia nani? Watetezi wa haki za binadamu waliandika wakati ule kwamba katika baadhi ya mahali watu wa tabaka la chini na Waislamu hawakupata sawa na majirani zao, na kwamba hata mahema yalipangwa kwa kutenganisha tabaka na tabaka. Nyumba zilianguka bila kuuliza jina la mtu. Mgao uliuliza.

Tunajua wako wazee wetu watakaosema: je, si wajibu wa mtu kumtazama wa kwao kwanza? Hatubishi. Mtu akimtumia shangazi yake fedha za kujengea, amefanya wajibu wake wa ukoo, na hakuna kanuni ya mfuko itakayomzuia. Lakini fedha iliyotolewa mbele ya madhabahu, kwa jina la seva, haina shangazi. Fedha hiyo imekwisha kutolewa, na aliyeitoa ameachilia mkono wake. Ikirudi kugawiwa kwa ukoo, basi haikutolewa. Imehamishwa tu mfuko.

Ndugu zetu, baada ya mahema likaja swali kubwa zaidi: nyumba. Na hapa Kutch ilifanya jambo linalostahili kujulikana.

Siku chache baada ya tetemeko, mwezi Februari 2001, serikali ya Gujarat iliunda mamlaka maalumu ya kusimamia maafa na ujenzi mpya. Wazo la mwanzo lililozungumzwa sana lilikuwa kuhamisha vijiji: kuacha vifusi na kujenga makazi mapya mahali pengine, yakiwa yamepangwa kwa mistari. Kwa mtu wa ofisini wazo hilo lilikuwa safi. Kwa mwanakijiji lilimaanisha kuwa mbali na shamba, mbali na kisima, mbali na mti aliozikiwa babu yake au madhabahu ya ukoo wake. Wanakijiji walipoulizwa katika mikutano yao, vijiji vingi vilikataa. Walitaka kujenga palepale.

Ndipo ukafuatwa utaratibu ambao mwenye nyumba ndiye mjenzi. Wahandisi walipima madhara ya kila nyumba na kuyapanga kwa madaraja. Kila familia ilifunguliwa akaunti ya benki, na fedha zikaingizwa kwa awamu: ya kwanza ya kuanzia, nyingine baada ya mhandisi kukagua kwamba kazi inafuata masharti ya usalama. Iliagizwa pia kwamba nyumba mpya iandikwe kwa majina ya mume na mke pamoja. Mama zetu walioko hapa wataelewa uzito wa sharti hilo bila kuelezwa.

Masharti ya usalama hayakuwa ya ajabu. Mafundi wetu wanayajua: msingi imara, nondo za kusimama katika pembe, na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, ule ambao mafundi wengi huuita linta, na mwingine chini ya paa. Mkanda huo hufanya kuta nne ziende pamoja badala ya kila ukuta kwenda njia yake. Maelfu ya waashi walifundishwa hayo katika vijiji vyao wenyewe. Wengine waliopata fundisho hilo walikuwa vibarua wasio na kazi, wakatoka na ufundi wa kuwalisha maisha yao yote. Huo ni msaada ambao lori haliwezi kuubeba.

Wako wahisani waliochagua njia nyingine. Walichukua kijiji kizima, wakaleta makandarasi wao, wakajenga nyumba zinazofanana safu kwa safu, na mwishoni wakakabidhi funguo. Kazi yao ilikuwa ya haraka na mara nyingine ya kupendeza kwa macho. Lakini watafiti waliorudi miaka iliyofuata kulinganisha njia zote mbili waliwakuta walioridhika zaidi kuwa ni wale waliopewa fedha na ushauri wakajijengea, na walioridhika kidogo zaidi kuwa ni wale waliojengewa na makandarasi mahali papya bila kuulizwa. Mwenye nyumba alijua jiko liangalie wapi, mifugo ilale wapi, wageni wakae wapi. Alitumia mawe na mbao za nyumba yake ya zamani. Na ufa ulipotokea, alijua jinsi ya kuuziba, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mkono wake.

Hata hivyo tusiseme kwamba utaratibu huo ulimfikia kila mtu kwa urahisi. Fedha zilimfuata mwenye hati. Mpangaji hana hati. Mjane ambaye nyumba imeandikwa kwa jina la shemeji hana hati. Mwenye kibanda kando ya shamba la bwana wake hana hati. Hao walihitaji mtu wa kuwasindikiza ofisini, kuwasomea fomu, kukata rufaa. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na mtandao wa mashirika ya palepale uitwao Kutch Nav Nirman Abhiyan, uliokuwa umeundwa baada ya kimbunga cha mwaka 1998. Tetemeko lilipokuja, mtandao ulikwisha kuwako. Ulifungua vituo katika makundi ya vijiji, vikaitwa Setu, yaani daraja: taarifa za serikali zilishuka kwa wanakijiji, na malalamiko ya wanakijiji yalipanda kwa serikali. Hakuna kitu cha bei nafuu kuliko kituo chenye meza, daftari na mtu mwaminifu. Na kwa mjane asiyejua kusoma hakuna kitu cha thamani kuliko hicho.

Tena mtu haishi kwa nyumba tu. Hebu tutaje mfano mmoja. Katika kijiji cha Dhamadka waliishi kwa vizazi mafundi Waislamu wa ukoo wa Khatri, wapigaji chapa wa kitambaa cha ajrakh, kile cha nili na wekundu wa mizizi. Kazi hiyo hutegemea maji: kitambaa huoshwa tena na tena, na rangi hutegemea maji yalivyo. Tetemeko liliharibu kijiji na hali ya maji pia ikabadilika, rangi zisitoke kama zamani. Sehemu ya jamii hiyo ikatafuta ardhi karibu na Bhuj, ikaanzisha kijiji kipya, nao wakakiita Ajrakhpur, kijiji cha ajrakh. Leo kitambaa chao kinajulikana duniani. Waliopewa msaada wa chakula walishiba mwezi mmoja. Waliosaidiwa kupata maji na soko wanaendelea kula hadi leo, na watoto wao wana ufundi wa kurithi. Vivyo hivyo wanawake watarizi, waliopewa sindano, uzi na oda wakiwa bado ndani ya mahema, walipata mshahara na pia walipata sababu ya kuamka asubuhi.

Majengo ya umma nayo yalirudi. Hospitali mpya ya Bhuj, iliyofunguliwa mwaka 2004, imejengwa juu ya mihimili yenye mpira na risasi inayopunguza mtikiso, ili isije ikawaangukia wagonjwa tena. Hekalu la kale la Swaminarayan la Bhuj, la miaka ya 1820, liliharibiwa vibaya, na hekalu jipya la marumaru likafunguliwa mwaka 2010. Na juu ya kilima cha Bhujiyo ilifunguliwa mwaka 2022 bustani ya kumbukumbu ya waliokufa. Tunayataja haya kwa mpangilio wa miaka kwa makusudi. Mji uliovunjika kwa dakika chache ulichukua miaka mingi kusimama, na kumbukumbu yake zaidi ya miaka 20. Michango ya dunia ilikuja karibu yote katika wiki za mwanzo.

Pengine kijana mmoja atasema moyoni: hayo ni ya India, sisi yatuhusu nini? Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9 katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Mjini Bukoba na katika vijiji vya jirani nyumba za matofali zilipasuka na kuanguka. Watu wasiopungua 17 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Shule ziliharibika. Familia zililala nje zikiogopa kuingia ndani. Ukubwa wake haulingani na wa Kutch, lakini mambo ni yaleyale: ukuta usio na mkanda, kijiji kilicho mbali na lami, mjane asiye na hati, fedha nyingi za siku za mwanzo na kimya cha baadaye. Bonde la Ufa linapita katikati ya nchi zetu. Na kwa watu wengi wa vijijini hapa maafa hayaji kwa tetemeko. Huja kwa mafuriko na kwa ukame, lakini maswali ya mgao hayabadiliki.

Kwa hiyo, wazee wetu na ndugu zetu, kamati inaweka mbele ya mkutano huu mambo matano yawe kanuni za mfuko.

Kwanza, mfuko utoe kwa kufuata dhiki, bila kutazama ukoo, tabaka, dini wala kabila. Orodha ya wanaopewa isomwe hadharani katika baraza la kijiji kinachohusika, ili aliyesahauliwa aseme na aliyejipachika aonekane.

Pili, tusitume kitu ambacho hakikuombwa. Kabla ya kununua, tuulize wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, na tulioulizwa na sisi tuulize fundi na muuguzi wa pale. Nguo kuukuu tusipokee kabisa.

Tatu, nusu ya fedha itakayokusanywa kwa maafa yoyote isitumike katika miezi mitatu ya kwanza. Iwekwe kwa ajili ya wakati kamera zimeondoka na watu bado wako chini ya turubai. Tunajua kanuni hii italeta manung'uniko, maana mchangaji hupenda kuona fedha yake imefika upesi. Tunaomba avumilie. Baridi ya Januari ilifuatwa na joto la Mei, na joto la Mei likafuatwa na masika ya Juni. Dhiki ina misimu.

Nne, sehemu ya mfuko itumike kabla ya maafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuwalipie mafundi vijana wa vijijini mafunzo ya ujenzi salama, na vijana wa hekalu pamoja na vijana wa mtaa huu wajifunze huduma ya kwanza pamoja, kwa kuwa siku hiyo watakaookoana ni wao.

Tano, hesabu zibandikwe ubaoni kila robo mwaka, penye mlango ambao kila mtu hupita, si ndani ya ofisi. Majirani wasio wanachama nao waweze kuzisoma, kwani wao pia huchanga.

Tumekwisha. Mengine yote ni ya mkutano. Tukikubaliana juu ya hayo matano, au tukiyarekebisha kwa hekima yenu, basi kisanduku kitakachozunguka jioni hii kitakuwa na njia ya kufuata siku tusiyoijua, kwa mtu tusiyemjua, katika kijiji ambacho pengine hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisikia. Mtu huyo kwa sasa amelala salama katika nyumba yake, naye hana habari kwamba tunamzungumza.